John Gregory na makwotabeki waliotupwa: kisa cha kocha wa chuo aliyehamia arena

Habari ya Kurt Warner inajulikana hata na watu wasiojua sheria moja ya futiboli ya Marekani. Jamaa ni kwotabeki, mrushaji pasi wa timu, aliachwa na Green Bay Packers ya NFL, ligi kuu ya Marekani, mwaka 1994, akarudi Cedar Falls kule Iowa, akawa anapanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi ya Hy-Vee usiku kwa dola 5.50 kwa saa, alafu miaka michache mbele huyo kabeba Super Bowl, fainali ya NFL. Stori tamu, watu wanaipenda, na wana haki ya kuipenda. Ila kila nikiisikia inavyosimuliwa kuna kipande kinarukwa. Mtu anatoka kwenye rafu za maziwa anatokezea Super Bowl, kama vile hapo kati hakuna kitu. Hapo kati kuna misimu mitatu mizima ya ligi ya arena, ile futiboli ya ndani ya ukumbi, na misimu yote hiyo mitatu kocha wake mkuu alikuwa mzee mmoja anaitwa John Gregory, na huyu ndo nataka tumuangalie leo, kwa sababu ukifuata kazi yake kuanzia chuoni unakuta Warner hakuwa bahati ya mara moja. Mzee alishafanya kitu kinachofanana sana na hicho kabla, tena kwenye nchi nyingine.

Tuanze mwanzo. Gregory alizaliwa 1938 Webster City, Iowa, mji mdogo wa mashambani, akasoma na kucheza chuo ambacho leo kinaitwa University of Northern Iowa, hapo hapo Cedar Falls. Ni chuo kile kile alichokuja kusoma Warner miaka thelathini na kitu baadaye. Akaingia ukocha akapanda taratibu mpaka 1972 akapewa timu ya South Dakota State, mji wa Brookings, akakaa misimu 10 mpaka 1981. Wakati huo chuo kilikuwa kinacheza Divisheni II, yaani ngazi ya chini ya zile timu unazoziona kwenye TV na mashabiki elfu tisini. Huko hakuna pesa ya TV, ufadhili wa wachezaji ni mchache, na South Dakota mwezi wa 11 baridi yake inakata mpaka mfupa. Rekodi yake pale ni ushindi 55, vipigo 50, sare 3. Mwaka 1979 aliifikisha timu kwenye mtoano wa taifa, wakakutana na Youngstown State wakapigwa 50-7.

Sasa soma hizo namba kama bosi wa chuo kikubwa anayetafuta kocha. 55-50-3. Huyo mtu hapigiwi simu. Sio mbaya wa kufukuzwa kwa aibu, sio mzuri wa kugombaniwa, na kwenye soko la makocha wa vyuo Marekani hapo katikati ndo pabaya kuliko pote, maana vyuo vikubwa vinachukua mtu aliyeshinda ubingwa mahali au mtu aliyekuwa msaidizi wa jina kubwa, basi. Gregory hakuwa na kimojawapo. Na mimi naona kila kilichofuata kwenye maisha yake kinaanzia hapa, kwa sababu mlango wa juu ulipokuwa hauonekani alipita mlango wa pembeni, akaenda Kanada.

Kanada wana futiboli yao, inafanana na ya Marekani kwa mbali lakini ukiikaribia ni mchezo mwingine. Uwanja una urefu wa yadi 110 badala ya 100 na upana wa yadi 65, wachezaji 12 kila upande badala ya 11, na timu inapewa majaribio 3 tu ya kusogeza mpira yadi 10 wakati Marekani wanapewa 4. Hiyo tofauti ya jaribio moja inaonekana ndogo ila inabadilisha kila kitu. Kwa majaribio 4 unaweza kukimbia na mpira mara mbili ukapata yadi mbili tatu alafu ndo ukarusha, kwa majaribio 3 ukipoteza la kwanza umeshabanwa, kwa hiyo Kanada wanarusha sana. Alafu wapokeaji wao, wale wanaodaka pasi, wanaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mstari wa kuanzishia mpira kabla haujaanzishwa, unakuta mtu anafika kwenye mstari akiwa tayari kwenye spidi kamili, beki anayemkaba amesimama wima. Kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua unaenda wapi, lazima ajue kurusha kwa muda na sio kwa macho, mpira unaondoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka. Hili la kurusha kwa muda lishike, tutalirudia.

Gregory alianza huko kama msaidizi Winnipeg Blue Bombers chini ya Cal Murphy, alafu 1987 akapewa ukocha mkuu wa Saskatchewan Roughriders. Na hapa inabidi nieleze ile timu ilikuwa na hali gani maana bila hivo hutaona ukubwa wa kazi. Roughriders ni timu ya jamii, wenyewe ni wananchi wa jimbo la Saskatchewan, wakulima na watu wa miji midogo, hamna tajiri mmoja wa kusaini cheki. Ubingwa wao pekee ulikuwa wa 1966. Tangu 1976 hawajagusa mtoano, miaka 11 mfululizo wanaangalia wengine wakicheza, na 1987 hiyo hiyo hali ya pesa ilikuwa mbaya kiasi kwamba iliandaliwa harambee kwenye TV kuokoa timu isife. Huyo kocha mpya anakabidhiwa hicho. Msimu wa kwanza alishinda mechi 5 akafungwa 12 na sare 1. Msimu wa pili, 1988, ushindi 11, vipigo 7, wakarudi kwenye mtoano kwa mara ya kwanza baada ya hiyo miaka 11.

Makwotabeki wake walikuwa nani? Kulikuwa na Kent Austin, kijana wa chuo cha Ole Miss, alichukuliwa na St. Louis Cardinals kwenye drafti ya NFL ya 1986, pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi ya 12, raundi za mwisho kabisa, na hakupata nafasi huko. Akaja Saskatchewan 1987. Na kulikuwa na Tom Burgess. Sasa kocha wengi wangechagua mmoja wakamuacha mwingine aoze benchi, na kuna hoja nzuri ya kufanya hivo, kwotabeki anahitaji kujua timu ni yake. Gregory alikaa na wote wawili, akawatumia wote wawili. Msimu wa 1989 ukaisha 9-9, nafasi ya tatu magharibi, yaani timu ya katikati kabisa, na fainali ya magharibi wanaenda Edmonton kucheza na timu iliyokuwa imeshinda 16 ikafungwa 2 tu msimu mzima. Wakaipiga 32-21 nyumbani kwao.

Fainali, Grey Cup ya Novemba 1989, ilichezwa SkyDome Toronto dhidi ya Hamilton Tiger-Cats, na wapenzi wa mchezo huu Kanada mpaka leo wengi wanaiweka kwenye fainali bora kuwahi kuchezwa. Austin alirusha yadi 474 na tachidauni 3, yaani pasi zilizoishia eneo la mwisho la mpinzani. Zikiwa zimebaki sekunde chache chini ya dakika moja Hamilton wakasawazisha 40-40, Tony Champion kaudaka mpira hewani kajipinda mgongo akiwa na mbavu zilizoumia, ukiiangalia leo bado huamini. Hapo mpira umerudi kwa Saskatchewan, muda hamna, na makocha wengi hapo wanatuliza wasubiri muda wa nyongeza. Saskatchewan walirusha. Wakarusha tena. Na tena. Pasi tatu hivi za haraka mpaka wakafika umbali wa kupiga teke kati ya nguzo, mpigaji wao Dave Ridgway akaingia, Hamilton wakaomba taimu auti kumtia presha, akarudi akapiga yadi 35, sekunde 2 zimebaki, 43-40. Ubingwa wa pili wa Saskatchewan katika historia, na Gregory akapewa tuzo ya kocha bora wa mwaka wa ligi.

Mchezaji bora wa fainali alikuwa Kent Austin. Mwaka uliofuata Burgess akapelekwa Winnipeg, na 1990 Winnipeg wakachukua Grey Cup, mchezaji bora wa fainali Tom Burgess. Yaani fainali mbili mfululizo, mchezaji bora ni kwotabeki aliyekuwa kwenye chumba kimoja cha mikutano cha Gregory 1989. Mtu wa kwanza kuniambia hili nilimbishia, nikaenda kuangalia, ni kweli. Na Austin yule yule wa raundi ya 12 alirudi Saskatchewan kama kocha na 2007 akawapa ubingwa wao wa tatu.

Haya, ukocha ndo ukocha. 1991 Saskatchewan walianza vibaya, Gregory akatimuliwa katikati ya msimu, miaka miwili tu baada ya kuwapa kombe walilolisubiri miaka 23. Msimu huo huo akachukuliwa na Hamilton, timu ile ile aliyoifunga fainali. 1992 akaenda nao 11-7, 1993 wakaporomoka 6-12, na 1994 safari ya Hamilton ikaisha. Mzee ana miaka 55 na kitu. NFL hawamtaki, vyuo vikubwa hawamtaki, Kanada wameshamtumia wakamaliza. Wengi hapo wanarudi kufundisha sekondari au wanauza bima.

Hapo ndo arena inaingia, na lazima niieleze vizuri kidogo maana wasomaji wengi hawajawahi kuiona. Mtu mmoja anaitwa Jim Foster, naye mtu wa Iowa, mwaka 1981 alikuwa Madison Square Garden New York anaangalia soka la ndani ya ukumbi, akajiuliza kwa nini futiboli isichezwe humu, akachora uwanja juu ya bahasha aliyokuwa nayo. Ligi ikaanza 1987 na timu nne. Uwanja unakaa ndani ya kiwanja cha hoki ya barafu, urefu yadi 50, upana futi 85, nusu ya uwanja wa kawaida kwa urefu na karibu nusu kwa upana. Wachezaji 8 kila upande. Pembeni hakuna mstari wa kutoka nje, kuna ukuta wenye magodoro, na ukisukumwa unapinduka juu ya ukuta unaangukia mapajani kwa shabiki mwenye soda yake. Kwenye ncha kuna nyavu kubwa kulia na kushoto mwa nguzo, mpira ukipigwa ukagonga wavu ukarudi bado uko hai, unaruhusiwa kuudaka na kukimbia nao. Kupiga mpira mbali kumpa mpinzani, ile panti, ni marufuku. Na miaka hiyo wachezaji wengi walicheza pande zote mbili, anashambulia, mpira ukipotea anabaki anakaba, kwotabeki na wachache wengine tu ndo walikuwa na kazi moja.

Matokeo yake ni mechi za 60-50, kila timu inafunga karibu kila ikishika mpira. Watu waliozoea NFL waliiona kama sarkasi, na naelewa kwa nini. Ila mtazame kwotabeki. Nafasi ni ndogo, mabeki wako karibu, wakabaji wanakufikia haraka, huna muda wa kuangalia mpokeaji wa kwanza, wa pili, wa tatu kwa raha zako. Na mpokeaji mmoja anaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mstari kabla mpira haujaanzishwa. Si ndo kile kile cha Kanada? Kurusha kwa muda, mpira uondoke kabla mtu hajageuka, mpokeaji yuko kwenye spidi tayari. Kocha aliyetoka NFL au chuo kikubwa akiingia arena anakuta mchezo mgeni kabisa, Gregory aliingia akiwa ameshakula zaidi ya miaka 10 ya mchezo unaodai kitu hicho hicho. Hii ndo sehemu ya kisa ambayo kwangu ina uzito kuliko hata jina la Warner. Miaka ya Kanada ambayo bosi wa Marekani akiisoma kwenye sivii anaona mtu aliyepotea njia ndiyo iliyomfanya awe tayari kwa arena kuliko wenzake waliobaki nyumbani.

1995 Foster akaanzisha timu nyumbani Iowa, Iowa Barnstormers ya Des Moines, akampa Gregory ukocha mkuu. Walichezea Veterans Memorial Auditorium, ukumbi wa watu elfu 11 na kitu ambao wenyeji waliuita Ghala, na helmeti zao zilikuwa zimechorwa miwani ya rubani wa zamani mbele, zile za marubani wa ndege za maonyesho, mchezaji akiinamisha kichwa unaona macho mawili ya miwani yanakutazama. Hakuna timu ya NFL pale Iowa, kwa hiyo Ghala likawa linajaa. (Ndugu zetu Wakongo na Warundi walioko Des Moines na Waterloo leo, hiyo ndo sehemu, Cedar Falls ya Warner imepakana kabisa na Waterloo yenu.)

Na kwotabeki wakamsajili huyu Warner. Tumuangalie alivyokuwa 1995 na sio tunavyomjua sasa. Chuoni alikaa benchi mpaka mwaka wa mwisho, 1993, ndo akaanza kucheza, akawa mchezaji bora wa mashambulizi kwenye kundi la vyuo walilochezea, lakini kundi lenyewe dogo. Kambini Green Bay alikuwa nyuma ya Brett Favre, Mark Brunell na Ty Detmer, hao watatu wote waliishia kuanza mechi NFL, huyu wa nne akakatwa. Kwa skauti wa NFL hapo faili limefungwa. Malipo ya arena yalikuwa kama dola 1,000 kwa mechi, mtu haji pale kutajirika.

Angalia namba za tachidauni zake, maana zina stori nzima ndani. 1995 alirusha 43. 1996 akarusha 61. 1997 akarusha 79. Jumla 183 na yadi 10,164. Sio mtu aliyetokea akawaka siku ya kwanza, ni mtu aliyekuwa anapanda ngazi mwaka hadi mwaka, na kupanda hivo kunataka kitu kimoja ambacho ligi za juu hawakupi, nacho ni kuachwa uendelee kucheza. Timu nayo ilikuwa inapanda naye: 7-5, alafu 12-2, alafu 11-3. Packers hawakumpa hata mechi moja ya msimu, Gregory alimpa misimu mitatu. Mimi sisemi Gregory aligundua siri fulani kwenye mkono wa Warner. Nasema alikuwa na mfumo unaofaa, alikuwa na uzoefu wa kuona kijana aliyekataliwa akikomaa akiachwa acheze, na hakumtoa. Hayo matatu kwa pamoja kwa kocha mmoja ni nadra.

Fainali mbili wakafika. ArenaBowl, fainali ya ligi ya arena, ya 1996 ilichezwa hapo hapo Ghalani mbele ya watu wao, mpinzani Tampa Bay Storm wa kocha Tim Marcum, na Marcum kwenye arena ni mfalme, alimaliza kazi na makombe saba. Tampa wakashinda 42-38, pointi 4 tu, na kwenye arena pointi 4 ni dakika moja ya mchezo. Mwaka uliofuata fainali Phoenix, Arizona Rattlers ya Danny White, yule kwotabeki wa zamani wa Dallas Cowboys, wakawapiga 55-33, na hiyo haikuwa ya kubishana. Kwa hiyo Gregory akiwa na kwotabeki ambaye baadaye angeingia Ukumbi wa Mashujaa wa NFL hakuchukua ubingwa hata mmoja wa arena. Lazima liwekwe mezani. Anayesema alikuwa kocha mzuri tu na sio mkubwa ana hoja hapa, Marcum na White walimzidi siku zilipokuwa za kuamua, na kwenye mchezo ambao kila mtu anafunga, ubingwa unaenda kwa anayeweza kuzuia mara mbili tatu kwenye mechi nzima. Ulinzi wa Iowa haukuwahi kuwa sifa yao, na hilo ni jukumu la kocha mkuu pia.

Kilichofuata kwa Warner mnakijua. 1998 akaenda Amsterdam Admirals kwenye ligi ya NFL ya Ulaya, akaingia St. Louis Rams kama wa akiba, 1999 Trent Green akaumia goti kabla ya msimu, Warner akaingia akarusha tachidauni 41, na tarehe 30 Januari 2000 wakawafunga Tennessee Titans 23-16 kwenye Super Bowl, yadi 414, mchezaji bora wa mechi. Tazama mechi za Rams wa mwaka huo, angalia muda ambao mpira unakaa mkononi kwake. Wakabaji wanakuja, yeye ameshaachia, na mpokeaji bado yuko katikati ya kugeuka. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba spidi ya arena ndo ilimfundisha kuamua haraka. Mike Martz aliyekuwa anapanga mashambulizi ya Rams anastahili sifa zake, Dick Vermeil pia aliyekubali kumuanzisha na kocha wengine wangetafuta mzee mwenye jina. Lakini hao walimpokea kijana aliyekuwa ameshaiva. 2011 Warner akaingizwa Ukumbi wa Mashujaa wa Arena, 2017 ule wa NFL, mtu pekee aliye kote kuwili.

Kuna swali lazima niliguse maana najua litaulizwa: je, si ni Warner tu, kipaji chake, angetoka popote? Hili ndo linafanya hiki kisa kiwe kisa cha kocha. Warner alipoondoka, kiti chake Iowa alikuja kukikalia Aaron Garcia. Msimu wa 1998 ulikuwa mgumu, 5-9, timu ilianguka kweli. 1999 wakarudi 11-3. Timu ilipouzwa ikahamia New York ikawa New York Dragons mwaka 2001, wakacheza Nassau Coliseum, Gregory na Garcia wakaenda nayo, na Garcia alimaliza maisha yake ya arena na tachidauni zaidi ya 1,300, rekodi ya ligi nzima ya muda wote. Kwa hiyo hesabu: Austin, Burgess, Warner, Garcia. Wanne, nchi mbili, viwanja vya ukubwa tofauti kabisa, wote walikuwa wameshapitwa na NFL walipofika kwake. Ukisema bahati, nitakubali kwa mmoja, kwa shingo upande nitakubali kwa wawili.

Na upande wa pili Garcia anatuonyesha ukomo wa jambo lenyewe. Rekodi zote hizo na NFL haikumfungulia mlango kama wa Warner. Kocha wa ligi ya chini anaweza kukukomaza, hawezi kukupigia hodi kwa niaba yako, na Warner mwenyewe ilibidi kwanza mtu aumie goti. Watu wanaotumia stori ya Warner kuwaambia vijana kwamba ukivumilia utafika, naomba wamuweke na Garcia pembeni yake kwenye picha. Alivumilia miaka mingi zaidi.

Ligi yenyewe haikuwa na misingi imara. Msimu wa 2009 ulifutwa, ligi ikafilisika, Dragons ndo ikawa mwisho wao. Ikafufuliwa 2010, ikafa tena 2019, ikajaribiwa tena 2024, timu nyingi zikaanguka ndani ya wiki chache tu, na baada ya msimu huo ikavunjika. Kocha anayejenga maisha yake hapo anajenga kwenye kiwanja ambacho hati yake inaweza kufutwa wakati wowote, na makocha wengi wazuri wa arena majina yao yamepotea hivo hivo, timu imekufa, rekodi zimebaki kwenye makaratasi ambayo hamna anayeyafungua. Hili linaniuma kusema kweli. Kocha wa chuo kidogo angalau chuo kinabaki, kuna ukuta wa kuwekea picha yake.

Gregory alipata kitu ambacho wengi wa arena hawapati, alirudi nyumbani. 2008 jina la Iowa Barnstormers lilifufuliwa Des Moines, safari hii kwenye ligi ndogo ya af2 na ukumbi mpya, Wells Fargo Arena, na aliyepewa timu alikuwa yeye tena, anakaribia miaka 70. Akakaa nao mpaka 2010, msimu ambao waliingia kwenye ligi kubwa ya arena iliyofufuliwa. Ukihesabu kutoka Brookings 1972 ni karibu miaka 40 ya ukocha mkuu na usaidizi kwenye chuo, Kanada na arena, bila NFL hata siku moja. Alifariki 2022 akiwa na miaka 80 na kitu. Barnstormers waliendelea, walihamia Indoor Football League, ligi nyingine ya ndani ya ukumbi, mwaka 2015 na 2018 wakachukua ubingwa wa ligi hiyo, ubingwa, japo wa ligi nyingine, wa aina ambayo Gregory na Warner waliukaribia mara mbili hawakuupata, na miwani ya rubani ilibaki kwenye helmeti.